Mstari wa Matoka

Kijijini, Karuthi
2 Februari 1958

Kwa mume wangu Theuri,

Kwani miguu yako imekatwa? Tangu tumzike mama yako hujakanyaga hapa. Kutoka Nyeri mjini mtu huondoka akishakunywa uji na hufika kabla njaa haijamuuma vizuri. Yule mbuzi niliyekuwekea amezaa, watoto wake wamezaa, sasa ni cucu kama mimi, na bado anakungoja.

Mwalimu anayeniandikia amesimamisha kalamu. Ananiuliza, "Cucu, huyu ni mume au mjukuu?" Mwalimu Tryphosa ni mtu wa Maragoli, anafundisha watoto wadogo hapa kijijini, mambo yetu hajayazoea. Nimemwambia: mtoto wa kwanza wa mwanangu hupewa jina la baba ya baba yake. Marehemu mume wangu alikuwa Theuri, na wewe ni Theuri. Kwa hivyo wewe ni mume wangu, na mume asiyekuja nyumbani hutukanwa. Amecheka. Andika, Mwalimu, andika hata kwamba umecheka.

Kiswahili changu ni kile cha kuchuma pareto kwa mzungu wa Endarasha, lakini kinatosha. Na wewe ulisema barua ya Kiswahili haikawii sana kwa wale wanaofungua barua za watu.

Sasa sikia. Wiki iliyopita chifu aliita baraza. Ati lokesheni yetu itakatwa vipande, kila kipande kiitwe wadi, na kila wadi ichague diwani wake. Mtu ataandikwa kwa shamba lake, si kwa kibanda alichopewa kijijini wakati huu wa Hali ya Hatari. Nikasema, hayo ni mazuri. Mgongo wetu wa Karuthi uko na mto kila upande, na uko na watu. Tutapata wetu. Kumbe! Karani akasoma kwamba mpaka hautapita mtoni. Utapita katikati ya mgongo, kwenye mteremko, hapo hapo tulipokuwa tukiishi kabla ya kuchomewa nyumba. Walio chini ya mstari wataungana na Gitero, ng'ambo ya mto Kanyiri. Walio juu watasukumwa kwa watu wa mto wa pili. Huku mkia, kule mkia.

Mzee Kingori wa Gitero alipiga makofi mpaka kofia ikaanguka. Gitero wako na barabara ya gari, daraja la Kanyiri si shida yao. Lakini wewe unajua jinsi askari walivyolibomoa, na unajua mama yako Watiri tulimzungusha njia gani alipozidiwa. Alikata roho juu ya machela, hospitali ikionekana. Diwani wa Karuthi jambo lake la kwanza litakuwa daraja. Diwani wa Gitero hatalikumbuka hata ndotoni.

Mimi kura sitapiga, ile karatasi yao ya uaminifu sina. Lakini daraja nitavuka.

Wewe unafanya kazi kwenye ofisi ya ramani. Mtafute aliyechora mstari huo umwambie, Cucu Wangechi amesema wewe ni mjinga.

Jambo lingine dogo. Mwezi wa Desemba, matoka yakiwa yamechanua, yale maua yetu ya mpaka, niliona watu ng'ambo kule Gitero. Walikuwa wamesimamisha darubini ya miguu mitatu, wametuelekezea sisi. Mmoja alikuwa na kofia ya kizungu. Alipotembea, alirusha mguu wa kushoto kando, kama alivyokuwa akirusha marehemu babu yako. Nikasema macho yangu yamezeeka. Nikaenda zangu.

Mimi wako,
Wangechi


Nyeri
11 Februari 1958

Kwa Cucu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima kama inavyoniacha mimi. Naomba radhi kwa kutokuja. Kazi ni nyingi, na ruhusa hutolewa kwa zamu. Nimemkabidhi mwenye duka la hapa karibu na soko blanketi na sukari, atazileta Jumamosi.

Kuhusu mpaka wa wadi, nimeuliza. Amri iliyotolewa ni kwamba wadi zifuate mipaka ambayo wenyeji wenyewe wanaitambua, ili watu wasichanganywe ovyo. Mafundi waliokwenda kupima waliona mstari wa matoka kwenye mteremko wa Karuthi. Kama ujuavyo, kwetu itoka hupandwa mpakani na wazee, na halipandwi mahali pengine. Basi mafundi wakachukulia kwamba huo ni mpaka wa zamani, wakaufuata. Kazi ilifanywa kwa nia njema.

Je, ulikuwapo mpaka wa zamani pale? Mimi sikumbuki, lakini niliondoka nikiwa mdogo kwenda shule ya bweni.

Nani hasa aliyechora, sijaambiwa. Pingamizi zinapokelewa hadi mwisho wa Machi, kisha afisa wa wilaya, Bwana D.O. mwenyewe, atakuja kutembea kwenye mstari.

Kuhusu mtu wa Desemba, watu wengi hutembea namna hiyo.

Nisalimie Mwalimu.

Wako mtiifu,
Seth Theuri


Kijijini, Karuthi
23 Februari 1958

Mume wangu,

Blanketi imefika. Sukari imefika ikiwa imepungua, mwenye duka lako ana vidole vitamu.

Mwalimu aliposoma pale pa matoka nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikaacha kucheka.

Matoka hayo ni yangu, Theuri. Niliyapanda mimi.

Wewe ulikuwa shuleni, hukuona siku ile. Askari walikuja asubuhi wakasema tutoe vyombo, jioni kila mtu awe kijijini, palipozungushiwa handaki. Tulikuwa bado tunatoa vyungu, na wao wanawasha paa upande wa pili. Nyumba ya udongo na nyasi ikiungua haiachi kitu. Mvua moja tu inanyesha, nyasi inaota, unasimama pale ulipozalia watoto na hujui kama umesimama jikoni au zizini. Nikawaza, siku tukiambiwa rudini, tutarudi wapi? Nani atajua kwa jirani yetu Warigia ni wapi, kwa Watiri ni wapi?

Basi siku za kwanza, walipotufungulia geti twende shambani, nilishuka hadi mpaka wetu wa kweli, kule mtoni. Matoka ya mababu yalikuwa yamezaana, yana watoto tele. Nikachimba watoto tu, mama zao nikawaacha mahali pao. Mimi na mama yako na Warigia tukayabeba kwa kiondo, tukapanda moja kwa kila nyumba, pale palipokuwa na mlango. Unakumbuka nyumba zetu zilivyosimama kwa mstari, zote zikitazama Kanyiri? Ndio huo mstari wa mafundi wako. Si mpaka. Ni milango.

Najua, mwanamke hapandi itoka. Itoka hupandwa na wazee, kwa kiapo na kwa nyama. Mama yako aliweka kiondo chini. Nikamwambia, "Tafuta mzee basi, tumwite." Wazee walikuwa wapi? Walikuwa wamepakiwa kwenye lori pamoja na baba yako Mutahi, wakapelekwa kizuizini. Na kitu kingine kisichong'olewa na mtu sikukijua. Ukipanda ndizi, mtu atakula ndizi. Ukipigilia kijiti, mtu atakiweka jikoni. Lakini itoka hakuna mkono wa Mgikuyu utakaoling'oa, wa homugadi wa serikali wala wa nani. Ndiyo sababu nililichagua.

Mzungu na darubini yake nitamsamehe. Lakini mtu wa kwetu akiona matoka pale, na moyo wake unamwambia haukuwapo mpaka, angeshuka, angevuka mto, angeuliza. Maji ya Desemba ni ya magotini. Huyo wa kofia, kwa nini hakuvuka?

Mwambie Bwana D.O. nilivyokuambia.

Wangechi


Kijijini, Karuthi
23 Februari 1958

Bwana Theuri,

Hii naandika kwa niaba yangu mwenyewe, Cucu amekwenda kutafuta kuni na hajui. Nisamehe kwa kuingilia.

Ile siku ya Desemba alirudi kutoka shambani akanikuta kisimani. Aliniambia, "Mwalimu, nipunguzie maji, leo nina mgeni." Alisonga mukimo wa viazi na njahi, chakula chenu cha mgeni, akaufunika kwa jani la ndizi, akakaa mlangoni akitazama geti mpaka lilipofungwa. Nilipomuuliza mgeni ni nani, alisema labda amepitia kwa watu wengine. Asubuhi mukimo ule aliwapa watoto wangu wa shule.

Hajawahi kuniambia nikuandikie hayo.

Nikisoma barua zako kwake huwa napenda kuzisoma vizuri. Nipe kitu cha kusoma vizuri.

Tryphosa


Nyeri
8 Machi 1958

Cucu wangu,

Mwalimu, nakuomba uisome barua hii mlango ukiwa umefungwa, kisha uichome. Nimeituma kwa mkono wa mwenye duka, si kwa posta, na jibu lipite kwake pia.

Aliyekuwa na kofia ni mimi. Aliyechora mstari ni mimi. Nilitazama kwa darubini nikaona matoka yamechanua kwa safu, meupe, kana kwamba mtu ameyapanga kwa kamba. Niliona ni ajabu. Moyo uliniambia shuka uulize. Sikushuka.

Sababu ni hii. Nilipoomba kazi hapa niliulizwa juu ya baba. Ningesema yuko kizuizini, wasingenichukua, nisingepewa hata kufagia. Niliandika kwamba baba yangu ni marehemu. Jina lake sikuliandika kabisa. Hapa ofisini mimi ni Seth Theuri, basi. Siku ile nilikuwa na Wazungu wawili na askari. Ningevuka Kanyiri, mtu wa kwanza kuniona angepiga kelele, "Mtoto wa Mutahi amerudi!" Unajua sauti ya Warigia. Ingesikika mpaka Naro Moru.

Cucu, mstari nitaurekebisha, lakini siwezi kusema nimejuaje kwamba matoka ni yako. Nikisema, wataniuliza wewe ni nani kwangu. Ipo njia rahisi. Bwana D.O. atakuja Aprili kuona mstari kwa macho yake. Kabla hajaja, yang'oeni matoka yale. Asipoyaona, mstari hauna kitu cha kuushika. Nami nitakuwa hapo na ramani, nitamwonyesha mto, nitasema mto ndio mpaka ulio wazi. Kila mtu atapata anachotaka, na hakuna atakayeumia.

Najua ni vigumu kwako kung'oa itoka. Lakini uliyapanda mwenyewe, si wazee, wala hayakulishwa kiapo. Ni maua tu.

Wako,
Theuri


Kijijini, Karuthi
16 Machi 1958

Theuri,

Mwalimu alipofika pale pa baba yako alitaka kuparuka. Nikamwambia, endelea, mimi si yai. Akaendelea.

Barua nimeichoma. Si kwa sababu umesema. Nilikuwa nawasha moto na kuni zilikuwa mbichi.

Umemwua Mutahi kwa kalamu ili ule. Sitakutukana. Watu wamefanya mabaya kuliko hayo miaka hii, na wengine tunakutana nao kisimani na tunapeana zamu. Ulikuwa na njaa na ulikuwa peke yako. Lakini juzi imekuja kadi yake kutoka kizuizini, maneno machache yale wanayoruhusiwa. Anauliza, "Theuri anakula vizuri?" Nimjibu nini? Mtu aliyekufa ninamjibuje?

Mambo ya kung'oa. Sing'oi. Unasema ni maua tu. Kwa hivyo nyumba zetu zilikuwa nyasi tu, na mama yako alikuwa mtu mmoja tu. Hao wanawake watarudi siku moja. Wakipimiwa ardhi upya wakahamishwa huku au kule, wacha, lakini kwanza watasimama mlangoni na kusema, nilikaa hapa. Hiyo siku sitawanyang'anya ili wewe usiulizwe swali.

Tena fikiri kama mtu mzima. Kingori anangoja nini? Anangoja tuyaguse. Nilikutana naye sokoni Jumatano. Akasimama mbele ya viazi vyangu, fimbo mgongoni, akasema, "Mama Mutahi, nasikia mwalimu wa kigeni amewaandikia pingamizi."

Nikasema, "Umesikia vizuri kwa mtu wa umri wako."

"Mtabisha, lakini matoka yapo. Itoka halidanganyi."

"Kweli, halidanganyi, Kingori. Halisemi kitu. Anayesema ni wewe."

Warigia akadakia kutoka kwa kabeji zake, "Mzee, unanunua au unazuia jua?" Watu wakacheka. Kingori akanunua viazi, maskini, kwa aibu, na nikamjazia. Si mtu mbaya. Nilicheza na dada zake. Lakini matoka yakitoweka usiku mmoja, atapanda juu ya kiti barazani aseme, watu wa Karuthi wameng'oa mpaka, na hapo hata wazee wetu wakitoka kizuizini watatulaani sisi.

Kwa hivyo nitafanya hivi. Siku Bwana D.O. anakuja, kila mwanamke atasimama mlangoni kwake. Basi. Hakuna kelele, hakuna kumshika mtu shati. Atatembea kwenye mstari wake na atakuta kila itoka lina mwenyewe. Mimi nitasimama kwangu. La mama yako litabaki wazi, sitamweka mtu wa kukopa.

Tuambie siku tu.

Wangechi


Nyeri
29 Machi 1958

Cucu,

Ni Alhamisi, tarehe 17 Aprili, asubuhi. Mimi ndiye nitakayebeba ramani.

Sitaweza kusema kitu. Nakuomba, usinisalimie. Usiniite mume wangu mbele yao. Mwambie na Warigia.

Seth Theuri


Kijijini, Karuthi
20 Aprili 1958

Mume wangu,

Ulikuwapo, lakini ulikuwa umetazama mbele, na baadaye ulinipa mgongo. Mambo ya nyuma yako hukuyaona. Kwa hivyo nakuandikia, uyajue.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku na matope yalikuwa tayari kwa viatu vya Mzungu. Tulitoka geti lilipofunguliwa. Warigia alivaa ile leso ya arusi. Nikamwuliza, "Unaolewa na D.O.?" Akasema, "Mtu haendi kusimama mlangoni kwake kama mwizi." Basi wengine wote wakarudi kubadilisha. Ndiyo maana mlitukuta tumevaa kama Krismasi, katikati ya nyasi, hakuna nyumba hata moja.

Mlipokuja, Kingori alikuwa mbele na wazee wake, akionyesha kwa fimbo, itoka hili, itoka lile. Bwana D.O. akasimama. Akauliza kwa kile Kiswahili chake cha kupiga mluzi, "Hawa mama wanafanya nini hapa?" Kingori akajibu haraka, "Wanatafuta kuni, Bwana." Nyasi mpaka kiunoni, kuni zitoke wapi?

Warigia akasema, na sauti yake unaijua, "Bwana, mimi niko mlangoni kwangu. Karibu ndani, lakini leo chai sina." Mzungu akatazama miguu yake mwenyewe kama anaogopa amekanyaga kitanda cha mtu. Akaenda kwa wa pili, akaambiwa hivyo hivyo. Kwa wa tatu, hivyo hivyo. Alipofika kwangu nikamwambia haya yote niliyapanda mimi, kwa mkono huu, baada ya moto. Hakupenda neno moto. Lakini alisikiza.

Wewe wakati huo ulikuwa umeshika ramani juu mpaka usoni. Nilikuona vidole tu. Sikukusalimia. Nilikuwa nimeahidi, na ulimi ulikuwa unaniuma.

Ndipo Kingori, mjanja yule, akaenda kwa itoka la mama yako. Akapiga fimbo chini. "Na hili, Bwana? Hili halina mtu. Matoka ya mpaka ndivyo yalivyo, hayana mwenyewe. Hao wanawake wamekuja kusimama tu karibu na mengine."

Bwana D.O. akauliza, "Hili ni la nani?"

Hukuwaona wale wanawake, Theuri. Wote walikuwa wanajua, na wote walinitazama mimi, na mimi nikatazama chini. Warigia alikuwa ameziba mdomo kwa leso. Angepasuka. Mzungu akauliza tena. Akamwambia karani wake, yaani wewe, aandike kwamba halina mwenyewe.

Ukaikunja ramani. Uliikunja polepole, vizuri, kama mtu anayekunja shuka ya mgonjwa. Ukampa askari aishike. Ukavuka nyasi ukirusha huo mguu wa kushoto, na hapo kina Warigia walikwishajua utakalosema kabla hujafika, nikasikia wanapumua. Ukasimama pembeni ya itoka, ukavua kofia.

Ukasema, "Hapa ni kwa Mutahi wa Theuri. Mimi ni mtoto wake. Mama yangu ametangulia. Baba yuko kizuizini, yuko hai."

Kingori alishusha fimbo. Hilo hukuliona pia. Alisema kwa sauti ndogo, "Ni kweli. Nimekula nyumba hii." Usimchukie sana.

Mimi sikupiga kelele. Lakini nilikuita mume wangu, na usiseme nimevunja ahadi, kwa sababu ulikuwa umekwisha kujitaja mwenyewe. Nao wakakuchukua kwenye gari hata hujanywa maji.

Mwalimu anasema niulize, wamekufanya nini? Ninaogopa kuuliza. Andika, Mwalimu, kwamba ninaogopa.

Wangechi


Naro Moru
11 Mei 1958

Cucu,

Ondoa hofu, sikufungwa. Waliniuliza siku nzima kwa nini niliandika uongo juu ya baba, nikawaambia ukweli. Bwana D.O. akasema kwamba mtu aliyedanganya kwenye karatasi zao hawezi kubaki kwenye chumba cha ramani. Meza yangu amepewa mwingine. Mimi nimeletwa Naro Moru kushika mnyororo wa kupimia barabara na kupigilia vigingi. Mshahara umeshuka. Baridi ya hapa inaingia mpaka kwenye meno, na mlima uko karibu hivi kwamba asubuhi nadhani utaniangukia.

Kabla ya kuondoka nilimwona karani mpya akichora upya. Mpaka wa wadi unafuata Kanyiri upande mmoja na ule mto wa pili upande mwingine. Mgongo wote wa Karuthi ni wadi moja, na diwani mmoja. Imetangazwa. Uchaguzi utakuwa mavuno yakiisha.

Mpaka huo ningeuchora mwenyewe kama ningevuka mto. Nimelala na jambo hilo siku nyingi.

Nimemwandikia baba. Sikujua nianzeje, nikaanza na jibu la swali lake. Nimemwambia ninakula vizuri. Hapa ni viazi na kabeji kila siku, lakini ni vizuri.

Mwalimu, ahsante kwa ile barua. Natumaini hii imesomeka.

Mjukuu wako na mume wako,
Theuri wa Mutahi


Kijijini, Karuthi
25 Mei 1958

Mume wangu Theuri wa Mutahi,

Mwalimu ameisoma mara mbili, ya pili sikumwomba.

Meza ni mbao. Watakupa nyingine au hawatakupa. Lakini nakutumia sweta, Warigia ameifuma, mkono mmoja umekuwa mrefu. Mimi nikaona ni kwa sababu alikuwa anaongea. Yeye anasema ni mkono wa kushikia mnyororo.

Watu wa chini na watu wa juu walikaa pamoja Jumapili baada ya kanisa kuzungumza ni nani asimame awe diwani wetu. Wamegombana mpaka jua likazama. Nimefurahi sana. Miaka minne hatujagombania kitu chetu.

Daraja halijaanza, bila shaka, diwani mwenyewe hajapatikana. Lakini Kingori amesema Gitero wako na miti ya mikalitusi mirefu, na kwamba siku hiyo ikifika, atakata. Sikumwamini. Nikamjazia viazi tena, apate sababu ya kukumbuka.

Baba yako ameandika kadi. Amesema tu, "Barua ya kijana imefika." Mwalimu anasema wino umechorwa kwa nguvu mpaka karatasi imetoboka.

Sasa, ruhusa utapewa lini sijui, wala siulizi. Nakuambia tu namna ya kuja. Usipitie barabara ya Gitero, usisimame juu kule kutuangalia kama sisi ni nchi ya watu wengine. Shuka mtoni. Vua viatu, kunja suruali, vuka. Njoo na jembe, lililopo hapa limekwisha meno. Ukipanda mteremko utaona itoka la mama yako, nimepalilia. Usilipite kando, wala usiliruke. Simama mbele yake, upige hodi kwa sauti, hata kama utaona ni nyasi tupu na mimi niko mbali, nimeinamia viazi vyangu. Ungoje mpaka niitikie karibu. Hapo ndipo uingie.

Wangechi